Ukipigwa na polisi wakati wa kukamatwa kwa ugomvi wa nyumbani: mwongozo wa kujenga utetezi, kwa wakazi wa Mwanza na kanda ya ziwa

Mtu aliyekamatwa usiku kwa tuhuma za kumpiga mkewe, akaondoka nyumbani akiwa mzima na kukipambazuka yuko mahabusu amevimba uso, ana mambo mawili, si moja. La kwanza ni lile lililotokea ndani kati yake na mwenzake. La pili ni lile lililotokea kati yake na askari. Kosa linalojirudia kwenye mahakama za Nyamagana na Ilemela ni la kuyachanganya. Mshtakiwa anasimama, anasema "Mheshimiwa, polisi walinipiga sana", kisha anakaa, akiamini shtaka limeanguka. Halianguki. Kipigo cha askari hakifuti kipigo alichopata mke, na wala hakipaswi kukifuta. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, na mwongozo huu haumsaidii mtu kukwepa hilo.

Lakini kipigo cha polisi kina uzito wake kisheria, kikiwekwa mahali pake. Kinaweza kuangusha shtaka la kumshambulia askari. Kinaweza kuifanya mahakama iyakatae maelezo uliyosainishwa ukiwa unavuja damu. Kinaweza kutia shaka ushahidi wa waliokukamata, na kikazaa madai yako mwenyewe. Kila mlango kati ya hiyo una ufunguo wake, na kuna mingine hufungwa mapema sana.

Kabla ya kuendelea, angalizo moja: namba za vifungu ninazotaja ni za Toleo la 2022 la sheria zetu. Toleo la 2023 lilianza kutumika Julai 2025 na baadhi ya namba zimesogea, kwa hiyo hakikisha kabla hujanukuu mbele ya hakimu.

Sheria inaruhusu nguvu kiasi gani

Tanzania Bara haina sheria mahsusi ya ukatili wa majumbani. Mashtaka hutoka kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16: shambulio la kawaida (240), shambulio la kudhuru mwili (241), kujeruhi vibaya (225). Ukamataji wenyewe unasimamiwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20.

Kifungu cha 11 cha Sura hiyo ya 20 kinampa askari haki ya kutumia njia zinazohitajika mtu akitumia nguvu kukataa kukamatwa, na hapo hapo kinakataza nguvu inayozidi kiasi. Cha 12 kinasema mtu aliyekwisha kukamatwa asifungwe wala kubanwa zaidi ya inavyohitajika ili asitoroke. Cha 21 ndicho cha kukariri: anayekamata asitumie nguvu kubwa, wala asimdhalilishe mtu, kupita kiasi kinachohitajika kumkamata au kumzuia asikimbie. Kifungu hicho hakimhusu askari polisi peke yake, kinataja pia "mtu mwingine". Huku kwetu Usukumani hilo lina maana kubwa, kwa sababu mara nyingi wanaofika kwanza kwenye ugomvi ni sungusungu au mgambo wa mtaa. Nao kinawabana vilevile.

Cha 23 kinamtaka anayekamata akwambie unakamatwa kwa kosa gani. Cha 55 kinataka mtu aliye chini ya ulinzi atendewe kwa utu. Juu ya yote hayo iko Katiba, ibara ya 13(6)(d) na (e), inayolinda utu wa mtu katika upelelezi wa jinai na kukataza mateso.

Usisahau upande wa pili. Kifungu cha 19 cha Kanuni ya Adhabu kinaitaka mahakama, inapopima nguvu ya anayekamata, iangalie uzito wa kosa na mazingira yake. Kama ulikuwa na panga mkononi na watoto wanalia chumbani, askari alikuwa na nafasi kubwa ya kutumia nguvu. Ukificha habari ya panga, mwendesha mashtaka ataitoa yeye, na hapo hata lile la kweli ulilosema halitaaminika.

Saa za mwanzo: mwili na karatasi

Hapa ndipo kesi nyingi huharibika, na ndugu ndio wanaoweza kuiokoa, maana mhusika yuko selo.

Ndugu akifika kituoni aulize mambo manne kwa upole na ayaandike: nani amemkamata, saa ngapi, kwa kosa gani, na namba ya kumbukumbu ya tukio. Kifungu cha 54 cha Sura ya 20 kinampa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na mwanasheria, ndugu au rafiki. Ukiruhusiwa kumwona, usitumie dakika zote kumlaumu kwa alichokifanya nyumbani. Mwangalie. Uso, mikono, mgongo, nyayo. Muulize kama anakojoa damu, kama masikio yanasikia, kama anapumua bila maumivu ya mbavu. Kisha omba apelekwe hospitali, na uombe kwa maandishi kama inawezekana, karatasi yenye tarehe na saa, nakala ubaki nayo.

Suala la PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa majeraha, lina ugumu wake, kwa kuwa fomu hiyo inatolewa na polisi, na safari hii anayelalamikiwa ni polisi. Jaribu hata hivyo. Ukikataliwa kituo kile, nenda kingine, au panda kwa mkuu wa polisi wa wilaya, au kwa Dawati la Jinsia na Watoto kama aliyeumizwa ni mwanamke. Hali ikiwa mbaya, usingoje fomu: hospitali za Sekou Toure na Bugando hupokea mgonjwa wa dharura kwanza. Na PF3 si ushahidi pekee duniani. Kadi ya mgonjwa, picha ya eksirei, risiti ya dawa, na daktari mwenyewe akija kueleza alichokiona, vyote hivyo ni ushahidi.

Mwambie daktari ukweli wote na umwombe aandike alama zilivyo, zilipo na ukubwa wake, si "majeraha madogo madogo" tu. Hili nalisisitiza kwa sababu ya jibu ambalo upande wa mashtaka hupenda kulitoa Mwanza: "alianguka kwenye mawe akikimbia." Ni jibu linaloaminika, kwa sababu mtu anayeishi Mabatini au Igogo nyumba yake imekaa kwenye mlima wa mawe, na usiku kukimbia huko ni kuanguka kweli. Kinacholikubali au kulikataa ni ngozi. Anayeanguka kwenye jiwe hujikinga, kwa hiyo huchubuka viganja, viwiko, magoti, paji la uso, na mchubuko huwa na mchanga. Rungu likimpata mtu kwenye nyama huacha michirizi miwili myekundu inayokwenda sambamba, katikati pamepauka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo daktari apapase uvimbe na picha ipigwe kwa mwanga wa pembeni. Hakuna anayeanguka kwenye jiwe akapata michirizi ya hivyo mgongoni na kwenye nyayo. Pingu zilizobanwa kupita kiasi huacha alama ya duara kwenye vifundo vya mikono, na ganzi ya kidole gumba inayoweza kudumu wiki kadhaa.

Alama hizo hubadilika rangi na kufifia ndani ya siku chache. Piga picha siku ya kwanza, ya tatu na ya saba, uso wa mtu ukionekana kwenye angalau picha moja, na weka kitu cha kupimia kama rula au sarafu kando ya jeraha.

Aliye visiwani, Ukara, Kome au kwenye mwalo wa wavuvi, aanzie zahanati iliyopo. Hata maandishi ya mstari mmoja ya mganga wa zahanati, yenye tarehe, yana thamani kuliko ripoti nzuri ya Bugando ya wiki mbili baadaye.

Siku ya kwanza mbele ya hakimu

Aliyekamatwa bila hati anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na isipowezekana, kifungu cha 32 cha Sura ya 20 kinataka mkuu wa kituo aangalie shauri lake na kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana kubwa. Dhamana ya polisi hailipiwi. Haki ya dhamana ina historia yake huku huku kwetu: kesi ya Daudi Pete ilianzia Musoma, Mahakama Kuu Mwanza ikampa dhamana, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba kifungu kilichokuwa kinamzuia, cha 148(5)(e), kilikuwa kinyume cha Katiba.

Ukifika mbele ya hakimu, ukishajibu shtaka, nyoosha mkono useme: "Mheshimiwa, naomba iandikwe kwenye mwenendo kwamba nina majeraha, niliyapata mikononi mwa askari walionikamata, naomba niamriwe matibabu." Vua shati kama hakimu ataruhusu. Maneno hayo machache, yakiwa kwenye mwenendo wa kesi siku ya kwanza, yana nguvu kuliko hotuba ndefu miezi sita baadaye. Mahakama huwa inauliza: kama ulipigwa, mbona hukusema mapema? Ukirudishwa rumande, gereza la Butimba au kwingine, mwambie pia mganga wa gereza anapokukagua, aandike.

Soma hati ya mashtaka, kisha chagua hoja

Omba nakala. Angalia kuna makosa mangapi.

Kama kuna kosa la kumshambulia, kumkatalia au kumzuia askari, yaani kifungu cha 243(b) cha Kanuni ya Adhabu, hapo ndipo hoja yako ya nguvu ilipo. Adhabu yake inaweza kufika miaka 5, na mara nyingi shtaka hili huongezwa pale ambapo mshtakiwa ana majeraha ya kuelezewa. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba askari alikuwa akitekeleza wajibu wake ipasavyo. Askari aliyekuvamia bila kukwambia kosa, au aliyeendelea kukupiga ukiwa umekwisha fungwa, ametoka nje ya wajibu huo. Na mwenye kushambuliwa isivyo halali ana haki ya kujikinga chini ya kifungu cha 18 na vinavyokifuata, ilimradi naye asipite kiasi. Kumsukuma anayekukanyaga ni kujikinga. Kurudi ndani kuchukua jembe, si kujikinga tena.

Kama shtaka ni la kumdhuru mke peke yake, usitegemee kipigo cha polisi kikuachilie. Hapo kitakusaidia kwa njia mbili tu: kuhusu maelezo yaliyochukuliwa kituoni, na kama mahakama itakutia hatiani, kama jambo la kuzingatiwa kwenye adhabu. Utetezi wa shtaka hilo ni mwingine kabisa na uujenge kwa ushahidi wake.

Gawa dakika: kabla ya pingu na baada ya pingu

Hii ndiyo kazi ambayo mshtakiwa anaweza kuifanya mwenyewe akiwa na kalamu na daftari, na mimi naiona kuwa ndiyo yenye faida kuliko zote. Andika tukio dakika kwa dakika. Askari waliingia wangapi, wakiwa na sare au bila. Nani alisema nini kwanza. Ulikuwa umesimama au umekaa, mkononi una nini. Nani alikushika, wapi. Pingu zilifungwa lini, mbele au nyuma. Baada ya hapo nini kilitokea.

Kabla ya pingu, askari ana maelezo mengi: ulikataa, ulilewa, ulirusha kiti, giza. Mahakama itampa nafasi. Baada ya pingu, maelezo hayo yanaisha. Mtu aliyefungwa mikono nyuma, amelala kifudifudi sebuleni, hakuna sababu ya kumpiga teke la mbavu. Kwa hiyo usipoteze nguvu kubishana juu ya kila kofi la mlangoni. Elekeza ushahidi wako wote kwenye kile kilichotokea ukiwa umekwisha dhibitiwa: sebuleni, ndani ya gari, kaunta ya kituo, selo.

Kwa mwanamke aliyekamatwa, na wako wengi, kuna la ziada: kifungu cha 26 cha Sura ya 20 kinataka mwanamke apekuliwe na mwanamke. Kama alipekuliwa na askari wa kiume, liseme mapema.

Maelezo ya onyo

Maelezo uliyoyatoa polisi baada ya kuonywa, ndiyo yaitwayo maelezo ya onyo, yanaweza kuwa ndiyo ushahidi mzito kuliko wote. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ushahidi kinayakubali pale tu yalipotolewa kwa hiari, na mzigo wa kuthibitisha hiari uko kwa mashtaka, si kwako.

Pinga wakati shahidi anapoomba maelezo yapokelewe kama kielelezo, kabla hayajapokelewa. Sema: "Napinga, sikuyatoa kwa hiari, nilipigwa." Hapo hakimu anapaswa kusimamisha kesi ya msingi na kufanya uchunguzi mdogo juu ya hoja hiyo peke yake, mashahidi wakisikilizwa. Ukinyamaza maelezo yakapokelewa, kisha ukaja kulalamika kwenye utetezi, umechelewa sana.

Angalia pia saa. Kifungu cha 50 cha Sura ya 20 kinatoa saa 4 za mahojiano tangu mtu awekwe chini ya ulinzi, na cha 51 kinaruhusu kuongeza hadi saa 8, kwa utaratibu. Muda wa safari kwenda kituoni hauhesabiwi, hivyo mtu aliyechukuliwa Ukara kwa boti hadi Nansio atoe muda huo kwenye hesabu. Maelezo yakichukuliwa nje ya muda, kifungu cha 169 kinaipa mahakama nafasi ya kuyakataa, na anayetaka yapokelewe ndiye mwenye kuishawishi.

Ukipelekwa kwa mlinzi wa amani kutoa maelezo, huyo kwa kawaida ni hakimu na si askari. Anatakiwa kukuuliza kama umepigwa na kuangalia mwili wako. Mwonyeshe. Watu wengi huogopa kwa kuwa askari aliyewaleta yuko nje ya mlango. Ndani ya chumba hicho askari haruhusiwi kukaa, na ndiyo maana ya chumba hicho. Hata maelezo yakipokelewa, ukiyakana mahakama inatakiwa kuyatazama kwa uangalifu na kwa kawaida kutafuta ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono. Kanuni hiyo ipo Afrika Mashariki tangu kesi ya Tuwamoi ya mwaka 1967.

Mashahidi, video, na mwenzako

Mwenyekiti wa mtaa aliyeitwa usiku, jirani aliyesikia kelele, dereva wa bodaboda aliyekuona unatolewa ukiwa unatembea vizuri. Huyu wa mwisho husahaulika, na ushahidi wake ni mzuri kwa sababu hana undugu nawe: aliona mtu mzima anaingizwa kwenye gari. Watoto wako waache, kama kuna njia nyingine yoyote.

Aliyerekodi kwa simu asiihariri video, asiikate wala kuiwekea maneno. Ibaki kwenye simu iliyorekodi. Ikirushwa kwenye makundi ya WhatsApp hubanwa na kupoteza kumbukumbu zake za ndani, na kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaitaka mahakama iangalie jinsi kumbukumbu ilivyotengenezwa na kutunzwa. Aliyerekodi ndiye aje kutoa ushahidi.

Mke ni suala la kushughulikiwa kwa heshima kubwa. Kwenye shtaka la kumdhuru yeye, kifungu cha 130 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu alazimishwe kutoa ushahidi. Kwenye shtaka la kumshambulia askari, mashtaka hayawezi kumlazimisha, na mahakama inapaswa kumweleza hivyo kabla hajaanza kusema. Anaweza kuja upande wako kueleza alichokiona askari wakikifanya, na wako wanawake waliofanya hivyo huku wakishikilia msimamo wao kwamba mume aliwapiga. Ushahidi wa namna hiyo mahakama huuamini. Lakini usimtumie mama yako au wazee wa ukoo kumshinikiza, wala usimfuate alikokimbilia. Ni kuingilia shahidi, utapoteza dhamana, na zaidi ya hapo ni ukatili mwingine juu ya ule wa kwanza. Suluhu ipo kisheria, kifungu cha 163 cha Sura ya 20, kwa makosa madogo kama shambulio la kawaida, mahakama ikisimamia na yeye akitaka. Akihitaji msaada wake mwenyewe, shirika la Kivulini limefanya kazi ya haki za wanawake Mwanza kwa miaka mingi.

Maswali ya dodoso

Shahidi wa polisi akimaliza, uliza. Usipomhoji juu ya jambo, unahesabiwa umelikubali. Maswali yawe mafupi: Ulinikamata saa ngapi? Nilikuwa na silaha? Nilipofungwa pingu nilikuwa na jeraha usoni? Uliandika kwenye daftari la mahabusu kwamba nina majeraha? Mganga gani aliniona? Usibishane naye wala usimwite mwongo. Majibu mawili ya askari wawili yasiyofanana yanatosha.

Kama huna wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inaruhusu mahakama kuelekeza upewe. Omba siku ya kwanza, siyo siku ya utetezi.

Malalamiko na madai dhidi ya askari

Haya yanakwenda njia yake. Andika malalamiko kwa kamanda wa polisi wa mkoa, nakala kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa na ibara ya 129 ya Katiba. Pata muhuri wa "imepokelewa". Askari hubeba jinai yake mwenyewe: baada ya mwandishi Daudi Mwangosi kuuawa Nyololo mwaka 2012, askari aliyehusika alihukumiwa mwaka 2016 kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia.

Ukitaka fidia kutoka Serikalini, Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Madai ya madhara kwa kawaida yana ukomo wa miaka 3, lakini Sheria ya Ukomo inaweka mwaka 1 tu kwa fidia ya kitendo kilichodaiwa kufanywa kwa kutekeleza sheria, na wakili wa Serikali hatasita kuutumia. Hesabu mwaka mmoja tangu usiku ule, toa siku 90 za notisi, na uone umebaki na miezi mingapi ya kukusanya kadi zako za hospitali.